Antena ya masafa mapana kwa rada ya ardhini: kwa udongo wetu wa Mwanza tupime mkia, tusiishie kwenye grafu

FundiMawimbi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Naona watu wengi siku hizi wanataka kujitengenezea rada ya ardhini, ile unayoikokota juu ya udongo ikatuma mawimbi ya redio chini na kusikiliza mwangwi wake. Maswali yote yanahusu bodi na programu. Antena inaachwa mwisho, kana kwamba ni waya tu. Mimi nasema antena ndiyo rada yenyewe, na hapa Mwanza ndiyo itakayoamua kama unaona bomba au unaona mistari isiyo na maana.

Kwanza, kwa nini masafa mapana. Ili kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya ardhi unahitaji pigo fupi la mawimbi, na pigo fupi halipatikani bila kutumia masafa mengi kwa pamoja. Kwa makadirio, chukua mwendo wa wimbi kwenye udongo ugawe kwa mara mbili ya upana wa masafa. Kwenye mchanga mkavu wimbi linakwenda kama mita 0.15 kwa nanosekunde. Ukiwa na upana wa megahezi 500 unatenganisha vitu vilivyoachana sentimita 15. Ukiwa na megahezi 50 tu, ni mita moja na nusu, na hapo bomba la maji na uso wa mwamba vinakuwa doa moja.

Watu wakishajua hivyo wanakimbilia grafu ya S11, ile inayoonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinarudi kwenye kebo badala ya kuondoka. Grafu ikilala chini kwa upana mkubwa, wanashangilia. Lakini chukua rezista ya omu 50, ifunge mwisho wa kebo, halafu pima. Grafu italala chini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na rezista hiyo hairushi chochote. Kwa hiyo grafu nzuri peke yake haikuambii kama una antena au una hita ndogo.

Swali ninalotaka tulizoee ni hili: baada ya kutuma pigo, antena inanyamaza lini?

Tuchukue boutai, yaani pembetatu mbili za shaba zinazotazamana kwa ncha, kila bawa sentimita 25, imelazwa juu ya mchanga mkavu. Pigo linaanzia katikati, linakimbia hadi ukingo wa shaba, linagonga, linarudi. Juu ya mchanga huo linakwenda kama mita 0.19 kwa nanosekunde, kwa sababu nusu yake iko hewani na nusu udongoni. Kwenda na kurudi ni nanosekunde 2.6. Bomba lililofukiwa sentimita 60 linajibu baada ya nanosekunde 8. Kabla bomba halijasema neno, antena imeshajigonga mara tatu, na bomba lenyewe sauti yake ni ndogo sana. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona huku kengele ya kanisa bado inavuma. Kwenye skrini utaona mistari mlalo inayojirudia kila sentimita 20 hivi, na atatokea mtu atakuapia kuwa hayo ni matabaka ya udongo.

Huo mvumo ndio naita mkia. Naombeni tuchangie jinsi ya kuukata, kila mtu na udongo wake.

Mwana_Igoma

Naweka kambi hapa. Mkuu usikimbie uzi wako.

MchimbaVisima

Mleta mada heshima yako. Mimi nachimba visima, Buhongwa, Kisesa hadi Magu. Tatizo langu ni mawe. Unaanza vizuri kwenye luseni, ule udongo wetu wa kichanga, mita tatu chini biti inakaa juu ya jiwe la ukubwa wa nyumba, na mteja anasimama hapo anakuangalia. Unahamisha mashine hatua tano, hakuna jiwe. Hiyo rada ingenionyesha? Na nimesikia inataka ukavu, kwa hiyo ni kazi ya kiangazi tu, Juni hadi Agosti. Kweli?

FundiMawimbi

MchimbaVisima, swali lako ni zuri kuliko linavyoonekana, na nusu ya jibu itakushangaza.

Rada haioni jiwe. Inaona tofauti kati ya jiwe na kilicholizunguka. Kila kitu kina namba yake ya pemitiviti, inayoonyesha kinavyopunguza mwendo wa wimbi: hewa 1, mchanga mkavu kama 4, graniti kama 5, mchanga uliolowa kama 20, maji 80. Wimbi likitoka kwenye namba moja kwenda nyingine, tofauti ndiyo inayolirudisha. Sasa piga hesabu. Kutoka mchanga mkavu kwenda graniti ni 4 kwa 5, na mwangwi unaorudi una ukubwa wa kama asilimia 6 tu ya wimbi lililofika. Kutoka mchanga uliolowa kwenda graniti ni 20 kwa 5, na mwangwi unakuwa asilimia 33.

Maana yake ni kwamba katikati ya kiangazi, luseni ikiwa imekauka hadi chini, jiwe lako linajificha vizuri zaidi. Ni kweli mawimbi yanafika mbali zaidi kwenye ukavu, lakini yakifika hayana cha kugonga. Kwa mawe mimi napendelea wiki za baada ya mvua, juu pamekauka kiasi cha kukokota mashine na chini bado kuna unyevu. Hiyo ni kwa luseni, ambayo ni mchanga na haipitishi umeme sana hata ikilowa.

Ukishuka bondeni kwenye mbuga nyeusi, sahau. Ule mfinyanzi ukilowa unapitisha umeme, na udongo unaopitisha umeme unakula mawimbi. Chukua mfinyanzi wenye upitishaji umeme wa milisimensi 100 kwa mita: wimbi linapoteza zaidi ya desibeli 30 kwa kila mita, kwenda tu. Hakuna antena ya kukuokoa hapo. Mtu akikuuzia huduma ya rada kwenye mbuga mwezi wa Aprili, muulize maswali.

Na usitupe kipimo chako cha umeme cha kutafuta maji. Rada ya megahezi 200 kwenye udongo wetu ni ya mita chache za juu. Kwa mawe ya juu inakufaa, kwa maji ya mita 60 haikuhusu.

MchimbaVisima

Nimekuelewa. Kwa hiyo Mei mwishoni. Hili la mchanga mkavu kuficha jiwe sijawahi kulisikia kwa mtu yeyote.

BintiNyegezi

Habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, nimekuwa nikifanya simulesheni za boutai kwa gprMax. Kwa wasioijua, ni programu ya bure, mwanzilishi wake Antonis Giannopoulos aliianza mwaka 1996, na inakokotoa mawimbi hatua kwa hatua ndani ya udongo.

Kaka FundiMawimbi, najua unakoelekea: utasema tuweke rezista kwenye mabawa ili mkondo ufe kabla ya kufika ukingoni. Wazo hilo lipo tangu watafiti Wu na King mwaka 1965. Lakini rezista zinageuza nguvu kuwa joto, wakati wa kutuma na wakati wa kupokea. Na sisi tunaotengeneza wenyewe nguvu tunayo kidogo. Kwa nini tusitumie Vivaldi? Ile ya Gibson ya 1979, mfereji unaopanuka taratibu kwenye bodi. Haina rezista, inarusha mbele, na upana wake wa masafa ni mkubwa.

FundiMawimbi

Dada, nakubali kila ulichosema kuhusu Vivaldi, ila tazama ukubwa. Mdomo wake unatakiwa ufikie karibu nusu ya urefu wa wimbi kwa masafa ya chini kabisa unayoyataka. Kwa megahezi 200 hewani hiyo ni sentimita 75. Bodi ya ukubwa huo imesimama wima, unaikokotaje kwenye nyasi na mawe ya Bwiru? Kwa kukagua zege, kuanzia gigahezi 1 kwenda juu, Vivaldi ni chaguo zuri na ningekusaidia kuichora. Kwa bomba na mawe, hapana.

Jambo la pili. Boutai iliyolala juu ya udongo inasaidiwa na udongo wenyewe. Mawimbi hupenda kwenda upande wenye pemitiviti kubwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu inaelekea chini bila wewe kufanya chochote. Vivaldi iliyoinuliwa inapiga hewani kwanza, na uso wa ardhi unarudisha sehemu ya nguvu kabla hujaanza kazi.

Kuhusu joto la rezista uko sahihi. Ila nguvu niliyoipoteza naweza kuirudisha kwa kurudia kipimo kilekile mara nyingi na kuchukua wastani, kelele zikashuka. Mkia haushuki kwa wastani. Unajirudia vilevile kila mara, kwa hiyo wastani unauimarisha.

BintiNyegezi

Hapo kwenye wastani umenipata. Lakini tusimwage rezista bawa zima. Kwenye simulesheni yangu nimeacha nusu ya ndani ya bawa ikiwa shaba tupu, nikaanza kuweka rezista kuanzia katikati kwenda ukingoni, ndogo kwanza halafu kubwa. Mkia unashuka vizuri na pigo la kwanza halipungui sana. Ukingo nimeuzungusha badala ya kuukata wima, ili njia za mkondo zote ziwe na urefu mmoja kutoka katikati.

FundiMawimbi

Huo ndio mchoro ninaoutaka. Wadau, msome tena huyu dada.

MzeeWaRedio_Kirumba

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi ya redio miaka mingi na hii mada imenifurahisha. Mmezungumza mabawa, hamjagusa katikati, pale kebo inapokutana na antena. Hapo ndipo kazi nyingi za mafundi zinaharibika.

Boutai ina pande mbili zinazolingana. Kebo ya koaksia hailingani: ina waya wa ndani na nyavu ya nje. Mkiziunga hivihivi, mkondo unapanda juu ya nyavu ya nje na kebo nzima inakuwa antena ya pili inayopiga hewani kila upande. Inaleta picha ya mti, ya nguzo ya umeme, ya wewe mwenyewe uliyesimama hapo. Namna ya kujua ni rahisi. Washa mashine, iache itulie mahali pamoja, kisha ishike kebo kwa kiganja na usogeze mkono taratibu. Mstari kwenye skrini ukicheza, kebo inarusha. Vuta pete za feraiti juu ya kebo karibu na antena, mbili, tatu, nne, mpaka uishike mstari usicheze. Na baluni, kile kiungo kati ya kebo isiyolingana na antena inayolingana, ni lazima.

Swali kwa mleta mada: baluni mnatumia uwiano gani? Vitabu vya zamani vinasema omu 50 kwenda 200.

FundiMawimbi

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo la kebo, nitaliweka juu kabisa ya uzi.

Uwiano wa 50 kwenda 200 ni sahihi kwa antena inayoning'inia hewani. Boutai ya pembe ya nyuzi 90 hewani ina omu kama 188, kwa hiyo 200 iko karibu. Ila yetu hailali hewani. Ikiwa juu ya udongo, gawanya 188 kwa kipeuo cha pili cha wastani wa pemitiviti ya hewa na ya udongo. Mchanga mkavu: wastani wa 1 na 4 ni 2.5, jibu kama omu 119. Luseni iliyolowa: wastani wa 1 na 20 ni 10.5, jibu kama omu 58.

Mzee, unaona kinachotokea. Antena ileile, kiwanja kilekile, Agosti inataka baluni ya 50 kwenda 100 na Aprili inakaribia kukubali ya 50 kwenda 50. Ukiipima mezani ukaweka ya 200, ukaenda nayo shambani, sehemu ya pigo inarudi kwenye kebo na kwenda tena, na huo ni mkia mwingine ulioutengeneza mwenyewe. Mimi nafunga ya 50 kwenda 100 na kuiacha mwaka mzima. Rezista za mabawa zinafunika tofauti iliyobaki.

Ndiyo maana nasema ipime ikiwa imelala chini, juu ya udongo utakaoufanyia kazi.

MzeeWaRedio_Kirumba

Marahaba mwanangu. Hesabu hiyo imekaa sawa. Ila msisahau kuifunika. Chini ya megahezi 110 kuna vituo vya FM, karibu na 900 kuna simu, na sisi mjini minara imejaa vilimani. Antena isiyofunikwa inasikiliza yote hayo.

FundiMawimbi

Kweli. Boksi la aluminiamu juu yake, limefunguka chini tu. Lakini boksi tupu nalo linavuma: likiwa na kimo cha sentimita 10, pigo linapanda, linagonga dari na kurudi baada ya nanosekunde 0.7, limepinduka. Jaza ndani sponji nyeusi yenye kaboni. Wenye nafasi wawekee dari vigae vya feraiti, ila mashine inakuwa nzito.

Chini ya antena mimi nimetumia plastiki ya pipa la bluu, yale mapipa ya lita 200 yanayouzwa mjini. Ukiikata na kuinyoosha kwa maji ya moto unapata sahani inayoteleza kwenye changarawe na haichaniki. Iwe nyembamba, milimita tatu nne. Kila sentimita ya hewa unayoiacha kati ya shaba na udongo inakurudisha kwenye zile omu za hewani.

Na kuhusu kibali: chombo hiki kinarusha mawimbi kwenye masafa yenye wenyewe. Kabla ya kukifanya biashara, onaneni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Kizimba_Sengerema

Wakuu, mimi ni mfugaji wa samaki kwenye vizimba. Nanga zinateleza kwa sababu hatujui tope la chini lina unene gani kabla ya kufika pagumu. Rada inapita kwenye maji ya ziwa?

FundiMawimbi

Inapita, kwa sababu ziwa letu ni maji baridi. Upitishaji wake wa umeme ni karibu milisimensi 10 kwa mita, hivyo unapoteza kama desibeli 2 kwa mita ukiwa na masafa ya chini. Kina cha mita tano, kwenda na kurudi, ni desibeli 20 hivi. Inavumilika. Baharini jambo hili haliwezekani.

Ila tumia megahezi 100 au chini ya hapo. Maji yenyewe, hata yakiwa safi, yanakula masafa ya juu: ukifika gigahezi 1 unapoteza makumi ya desibeli kwa mita moja.

Faida yake ni ukubwa. Boutai ya megahezi 100 inayoelea juu ya maji inahitaji urefu wa kama sentimita 24 tu kutoka ukingo hadi ukingo, wakati hewani ni mita moja na nusu. Lakini lazima iguse maji. Ukiiweka ndani ya mtumbwi, mbao na hewa vinaitenga na maji na hesabu yote inavunjika. Ifunge kwenye sahani ya plastiki isiyopitisha maji na uivute pembeni, mbali na injini. Mwendo wa wimbi majini ni mita 0.033 kwa nanosekunde, kwa hiyo mwangwi wa mita tano unachukua nanosekunde 300. Weka dirisha la muda refu kuliko hapo. Na kama tope ni la mfinyanzi mtupu, utaona uso wake vizuri na ndani yake kidogo tu.

Mchimbaji_Geita

Samahani kwa kutoka nje kidogo. Inaona dhahabu?

FundiMawimbi

Haioni, mkuu. Dhahabu ya kwenye mwamba wetu ni chembe ndogo mno kwa urefu wa mawimbi haya. Kwenye ardhi isiyo na mfinyanzi inaweza kukuonyesha ufa, au mahali mwamba unapobadilika, au shimo la zamani lililofunikwa, na hilo la mwisho linaokoa maisha. Anayekuuzia mashine ya antena kwa ahadi ya kuona dhahabu mita 20 chini, usimpe hela yako.

Mwana_Igoma

Mimi nasaka bomba la plastiki uani, wajenzi walifukia bila ramani. Plastiki inaonekana?

FundiMawimbi

Inaonekana kwa kilicho ndani yake. Bomba lenye maji kwenye mchanga mkavu linarudisha zaidi ya nusu ya ukubwa wa wimbi, na limepinduka. Bomba tupu linarudisha kama theluthi, bila kupinduka. Kwa hiyo fungua koki bomba lijae, pima. Ifunge, toa maji yote bombani, pima tena. Mahali mwangwi ulipogeuka ndipo bomba lilipo. Kata njia ya bomba, usitembee sambamba nalo. Ila hilo la kugeuka utaliona tu kama pigo lako ni fupi na mkia umekatwa. Mkia mrefu una vilima na mabonde yake, na huwezi kujua kipi kimepinduka.

BintiNyegezi

Kaka, naanza kulehemu wiki hii. Nimechagua bawa la sentimita 25, mifereji mitatu kwenye shaba: nusu ya bawa, robo tatu, na karibu na ukingo. Rezista za ngapi?

FundiMawimbi

Fuata umbo la Wu na King: thamani inakua kadiri nafasi iliyobaki hadi ukingoni inavyopungua. Ukianzia na msingi wa omu 20, nusu ya bawa inapata 40, robo tatu inapata 80, na kwenye asilimia 90 ya bawa inapata 200. Wao walikokotoa kwa waya mnyoofu, si kwa boutai, kwa hiyo hizo ni namba za kuanzia; ingiza kwenye gprMax na udongo wa pemitiviti 4 kisha 20, urekebishe.

Bawa linapanuka, kwa hiyo usiweke rezista moja katikati ya mfereji. Mkondo utajibana hapo na pembeni patabaki panavuma. Panga kadhaa sambamba kwa nafasi sawa: ule wa 80 upe nne za 330, ule wa 200 upe sita za 1,200.

BintiNyegezi

330 ninazo, 1,200 sina. Nina 1,000 nyingi. Nikiweka tano?

FundiMawimbi

Tano za 1,000 ni 200 kamili. Weka mbili kwenye kingo, moja katikati, zilizobaki kati yao.